Video Hairudiwi Mpaka Ikae Kichwani

Kila mwaka wa masomo unapoanza, wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaosoma kwa mtandao huuliza swali lilelile: video ya mhadhara irudiwe mara ngapi ndipo ikae kichwani? Swali lenyewe ndilo lenye kasoro. Anayerudia video huizoea sauti ya mhadhiri na mpangilio wa slaidi, akadhani ameelewa somo.

Jambo hili limeshapimwa. Mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, walichapisha jaribio walilofanya kwa wanafunzi wa chuo, wakitumia makala fupi kuhusu jua na fisi maji. Kundi moja lilipewa vipindi vinne vya kusoma. Jingine lilisoma kipindi kimoja tu. Vitatu vilivyobaki liliandika lilichokumbuka, bila kuchungulia. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliosoma vipindi vyote vinne waliongoza. Wiki moja baadaye mambo yaligeuka: hao walikumbuka takriban asilimia 40, waliojipima asilimia 61. Cha kusikitisha ni kwamba waliokuja kusahau zaidi ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba wangekumbuka.

Mtihani wa chuo hauji dakika tano baada ya kipindi! Mwanafunzi wa uchumi atatazama mhadhara wa mahitaji na ugavi mara tatu, ataitikia kwa kichwa kila mchoro unapotokea, na bando litakwisha. Mpe karatasi tupu achore mwenyewe bei ikipanda kwa sababu ugavi umepungua: atachora mistari miwili, kisha kalamu itasimama. Hajui ni mstari upi usogezwe wala uelekee wapi. Kwenye video, kazi hiyo aliifanya mhadhiri.

Wengine huambiwa waweke spika za masikioni na kulala mhadhara ukiendelea. Huo ni upuuzi, na unawanyima usingizi ambao ubongo unauhitaji kuhifadhi walichosoma mchana.

Dawa ipo, na haina gharama. Mtafiti Karl Szpunar na wenzake walionyesha mwaka 2013 kwamba mhadhara wa video wa takwimu, wa dakika 21, ukikatwa vipande vinne na kila kipande kikafuatwa na maswali mafupi, mawazo ya wanafunzi hutangatanga mara chache zaidi, kwa karibu nusu, na notsi wanazoandika huongezeka. Basi video isimamishwe kila baada ya dakika tano hivi, simu ilazwe kifudifudi, yaandikwe yaliyokumbukwa, ndipo yasahihishwe. Siku mbili baadaye karatasi tupu irudi mezani. Video ifunguliwe pale tu kalamu inapokwama.

Mengine ni ya utaratibu. Video zipakuliwe kwenye Wi-Fi ya chuo, kwa ubora wa chini. Kila Jumatatu tarehe za kazi zinakiliwe kwenye daftari. Watu watatu waulizane maswali kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp, majibu bila madesa. Asiyeelewa amwandikie mhadhiri wiki hiyohiyo, akitaja dakika ya video aliyokwama. Na kazi ipandishwe siku moja kabla: mfumo wa kupokea kazi, kama Moodle, hufuata saa ya seva, na umeme ukikatika saa tano na nusu usiku, dirisha la saa sita litafungwa vilevile.