Mafuta Tu kwa Mtoto wa Surua?

Dzaleka, wilayani Dowa, kaskazini mwa Lilongwe, Kiswahili cha Kongo kinasikika kila kona, na ugonjwa mmoja una majina mawili: sisi twasema surua, wenyeji chikuku. Kambi hii ya wakimbizi nchini Malawi ilifunguliwa 1994 palipokuwa gereza, kwa watu kama 10,000; leo wamepita 50,000. Surua husafiri kwa hewa. Msongamano huo unaitosha.

Mtoto akiugua, nesi huchukua kidonge laini chekundu, hukata ncha yake kwa mkasi, na kumkamulia mtoto mafuta kinywani. Ni vitamini A, uniti 200,000 kwa aliyetimiza mwaka, leo na tena kesho. Mama aliyetarajia sindano huuliza: mafuta tu? Ana haki ya kuuliza, na jibu lake lilipatikana kwa watoto wa Kitanzania.

Matokeo ya Hospitali ya Mvumi, karibu na Dodoma, yalichapishwa 1987. Watoto 180 wenye surua waligawanywa kwa bahati nasibu. Wote walitibiwa kama kawaida, ila kundi moja likaongezewa vitamini A. Kati ya 92 wasioongezewa walikufa 12. Kati ya 88 walioongezewa, 6. Kura ndiyo inayoipa hesabu hiyo uzito: daktari angechagua mwenyewe, pengine mafuta yangewaangukia wenye nafuu, kisha mafuta yakasifiwa kwa kupona kwao. Hata hivyo, kwa idadi ndogo hivyo, huenda ikawa sadfa. Cape Town wakajaribu nao, na mwaka 1990 wakatoa majibu: bila vitamini walikufa 10 kati ya 97, kwa vitamini 2 kati ya 92. Mimi hapo sina ubishi tena.

Surua humaliza akiba ya vitamini A mwilini, na bila hiyo utando wa mapafu, utumbo na jicho haujijengi upya. Mtoto hupata nimonia, huharisha, mwingine hupofuka. Mafuta yale hayaui kirusi wala hayazuii surua. Kuzuia ni kazi ya chanjo, ambayo Malawi mtoto huipata akiwa na miezi 9 na tena 15. Mwaka 2010 nchini humo waliugua zaidi ya watu 100,000.

Basi mama, kesho mrudishe mtoto apate dozi ya pili. Wala usimtafutie nyingine ya kumwongezea nyumbani: vitamini A hujilimbikiza kwenye ini, na ikizidi humdhuru.