Drafti ya 49ers: Ni Macho ama Ni Bahati? Pima Hivi

Wasee, kila Aprili timu za NFL hufanya drafti: zinachagua wachezaji wa vyuo kwa zamu, na ile iliyochapwa sana ndiyo huanza. Ukitaka kujua kama timu ina macho, usiangalie tu majina. Uliza: walitoa nini, wakapata nini?

Cheki San Francisco 49ers. 1979, kocha Bill Walsh alimchukua Joe Montana raundi ya 3, nambari 82. Jamaa akawaletea Super Bowl 4! 1985 wakapanda hadi nambari 16 kumnasa Jerry Rice. Hapo ni macho, si mchezo.

Lakini usilinganishe enzi ovyo. Zamani raundi zilikuwa 12, leo ni 7. Tena tangu 1994 mishahara ina kikomo, so kijana mkali wa bei rahisi ni dhahabu.

Sasa ona 2021. Walitoa chaguo 3 za raundi ya kwanza, na nyingine juu yake, ndio wampate Trey Lance, nambari 3. Akaanza mechi 4 pekee, kisha akauzwa Dallas. Hasara noma. Mwaka uliofuata wakaokota Brock Purdy, nambari 262, wa mwisho kabisa! Akawafikisha Super Bowl ya 2024 akilipwa chini ya dola milioni 1 kwa mwaka.

Ile bei imeisha. 2025 Purdy alisaini dola milioni 265 za miaka 5. Ganji ikienda kwake, pengo linazibwa na madogo wa drafti. Hapo ndio utajua kama wana macho.