Mgeni na Haya ya Mwenyeji

Katika mushkili zinazomkabili mtu asafiriye kwenda kukaa katika nyumba ya watu, iwe ni kwa jamaa wa mbali, kwa wakwe, au kwa sahibu aliyejuana naye kazini, nyingi hazitokani na uchoyo wa mwenyeji wala na upungufu wa malezi ya mgeni, bali hutokana na haya. Mwenyeji ameudhika, lakini haya inamzuia kutamka. Na mgeni, maadamu hakuambiwa neno, hudhani kwamba mambo ni shwari. Mwenyeji hawezi kuuliza utakaa siku ngapi, kwani swali hilo, hata likitiwa asali kiasi gani, lina harufu ya kufukuza; hawezi kusema kwamba saa uliyobisha hodi ndiyo saa ambayo nyumba nzima imejinyosha; wala hawezi kukueleza kwamba kipande cha samaki ulichojipakulia mara ya pili kilikuwa kimewekewa mtoto aliye shuleni. Kwa hiyo, badala ya kuhifadhi orodha ndefu ya mila za kila mji, msafiri atafaidika zaidi akijizoeza jambo moja: atazame ni lipi ambalo mwenyeji angelazimika kuliuliza au kulikataa, kisha alimalize yeye mwenyewe kabla halijafikia hapo.

La kwanza huanza kabla ya safari, nalo ni saa. Tiketi za basi, za boti na za ndege huandikwa kwa hesabu inayoanzia usiku wa manane, hali sisi majumbani mwetu twahesabu tangu kucha na kuchwa kwa jua, hata basi lililoandikwa 06:00 likawa ni la saa kumi na mbili alfajiri, na boti ya 13:00 ikawa ni ya saa saba mchana. Hilo kila mtu alijua, ingawa vituoni hakukosekani abiria aliyewasili na mizigo yake saa sita baada ya basi kuondoka. Lililo gumu zaidi ni siku. Tuseme ndege imeandikwa kutua Ijumaa saa 00:40, naye mgeni akamwandikia mwenyeji wake kwamba atafika usiku wa Ijumaa. Kijana wa nyumba atamngojea Ijumaa baada ya isha, mgeni akiwa amekwisha kukaa uwanjani karibu siku nzima. Bali mzee wa nyumba, aliyezoea hesabu ya Kiislamu ambayo usiku hutangulia mchana wake, ataelewa kuwa ni ule usiku unaoingia kwa magharibi ya Alhamisi, na mzee ndiye atakayekuwa amepatia. Njia ya salama ni kuandika kwa urefu: usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa, saa sita na dakika arubaini. Aidha, mwenyeji hapaswi kupewa saa ya kupanda chombo, ambayo haimfai kitu, bali saa ambayo mgeni atarajia kuwa mlangoni pake. Boti za kasi huvuka kutoka Dar es Salaam hadi Unguja kwa muda wa takriban saa mbili, lakini foleni ya bandarini na mizigo vina saa zake wenyewe.

Na maadamu tumetaja bahari, msafiri asiyeizoea naajihadhari na miezi ya kusi, hususan Juni na Julai, ambapo mkondo huwa na mawimbi ya kumgeuza mtu matumbo. Akae katikati ya chombo, chini na si juu, aelekeze macho kwenye upeo wa bahari badala ya kuyazamisha katika simu, na asipande akiwa na njaa wala na shibe. Jambo hili laonekana kuwa ni la afya tu, lakini ni la adabu pia. Kwani mgeni aliyefika akiwa amechafukwa na tumbo huandaliwa biriani iliyopikwa tangu asubuhi, akaila kwa ncha za vidole, na aliyeipika akabaki akijiuliza huko jikoni ni kiungo gani kilichozidi.

Baada ya kufika kuna kubisha hodi. Wazee wa pwani walilijengea jambo hili mawe na chokaa. Nyumba za kale za Lamu zina daka, yaani kile kibaraza kilichofunikwa mbele ya mlango, na zile za Mji Mkongwe wa Unguja zina baraza za mawe zilizoambatana na kuta, mgeni wa kiume akaweza kupokewa, akanyweshwa kahawa na akazungumzishwa bila ya faragha ya ndani kuguswa. Hodi hupigwa mara tatu, kwa mapumziko baina yake, na mbishaji husimama kando ya mlango, si mbele yake, ili mlango ukifunguliwa macho yake yasitangulie miguu yake. Akikosa jibu mara ya tatu, huondoka bila ya kinyongo, wala hazunguki dirishani. Asili ya adabu hii imo katika Sura ya An-Nur, inayoamrisha kutaka idhini na kutoa salamu kabla ya kuingia nyumba zisizo zetu, na kurejea pale tuambiwapo turejee. Sura hiyo hiyo yataja nyakati tatu za faragha, ambazo hata watumishi na watoto wa nyumbani hutakiwa waombe ruhusa ndani yake: kabla ya sala ya alfajiri, wakati wa adhuhuri watu wanapovua nguo zao, na baada ya sala ya isha. Ikiwa mtoto aliyezaliwa humo huomba ruhusa kwa nyakati hizo, mgeni hana haja ya kufikiri sana. Amsalimie mwenyeji baina ya alasiri na magharibi, awe Mwislamu au siye, na atamkuta ameoga, amevaa, na ana wasaa.

Siku hizi wengi hudhani kwamba simu imeiondoa hodi. Ukweli ni kwamba imeihamisha tu, kwa sababu mtu apigaye simu akiwa tayari yuko kwenye kona ya mtaa, akasema, nipo hapa nje, hakuomba idhini, ametoa habari.

Kwenye chakula haya huzidi maradufu. Ukimkuta mtu anakula, atakukaribisha, naye atakukaribisha hata kama sahani yake ina tonge tatu, kwa kuwa uungwana haumwachii hiari nyingine. Jibu la pwani katika hali hiyo ni starehe, na neno hilo moja humfungua mwenyeji bila ya kumvunjia heshima. Akikariri mara ya pili na ya tatu huku akisogea kukupa nafasi, hapo nawa mikono, ukae, uonje japo tonge moja, usije ukaonekana umekidharau. Ukialikwa rasmi, mambo ni mengine. Sura ya Al-Ahzab iliwaonya waliokuwa wakiingia katika nyumba za Mtume wakangojea chakula kiive, na waliokwisha kula wakabaki kwa mazungumzo, ikaeleza wazi sababu yake, kwamba jambo hilo lilikuwa likimuudhi naye akiwaonea haya kuwaambia. Katika dini na katika mila sijui maelezo mafupi zaidi ya adabu ya mgeni kuliko hayo. Basi usifike mapema ukaketi ukinusa jikoni. Ule kwa mkono wa kulia, upande wa sinia unaokuelekea. Na uache kitu, kwani aghalabu sinia la wageni likirudi ndani kuna wanaolingojea.

Muda wa kukaa una kipimo cha kale. Mafunzo ya Mtume yameuweka ukarimu wa mgeni kuwa ni siku tatu, na yanayozidi hapo ni sadaka, tena yakamkataza mgeni kukaa hata akamtia mwenyeji wake katika dhiki. Kwamba kipimo hiki kilitumika katika mwambao wetu tangu zamani, ushahidi wake ni Ibn Battuta, aliyepita Mogadishu, Mombasa na Kilwa mnamo mwaka 1331. Ameeleza jinsi vijana wa Mogadishu walivyokuwa wakiitokea merikebu kwa vyombo vidogo, kila mmoja na sahani yake ya chakula iliyofunikwa, akamkabidhi mfanyabiashara aliyemchagua na kumtangaza kuwa ni mgeni wake. Na yeye mwenyewe, kwa kuwa alikuwa mwanachuoni, akachukuliwa kwa kadhi, akaletewa tambuu na popoo, kisha wali wa samli na kitoweo cha kuku, nyama na samaki, pamoja na ndizi zilizopikwa kwa maziwa, mara tatu kila siku kwa muda wa siku tatu, kama ilivyokuwa desturi ya watu wale. Leo mambo hayawi hivyo daima. Mgeni atokaye Maskati au London hawezi kumaliza safari yake kwa siku tatu, na mama yake mzazi angelia lau angejaribu. Walakini kipimo kingali na faida, ambayo ni hii: baada ya siku ya tatu mtu hakai tena kama mgeni, bali kama mmoja wa nyumba, naye aanze kushika gharama. Namna ya kuishika ndiyo yenye ufundi. Usimwulize mwenyeji, nikupe nini, kwa kuwa atajibu, usijisumbue, na haya itakuwa imewashinda nyote wawili. Nenda sokoni mwenyewe, urudi na samaki, nazi na mboga, umkabidhi mpishi pasi na hotuba.

Na kuna gharama isiyoonekana. Umeme wa majumbani Tanzania aghalabu hununuliwa mapema kwa LUKU, na Kenya vivyo hivyo kwa tokeni, kila uniti imelipiwa kabla haijawaka. Naye mgeni aliyezoea Ghuba huacha kiyoyozi kikivuma chumbani hali yeye yuko mjini, akaoga maji ya moto mara mbili, akachaji simu tatu. Hakuna mwenyeji muungwana atakayegonga mlango kukwambia zima. Atanunua uniti nyingine kimya kimya, na mwezi ujao atakuwa na udhuru wa kutokupokea. Omba nambari ya mita siku ya pili, kama mtu atakaye kujua tu, kisha ulipe kwa simu yako.

Kuhusu zawadi sitasema mengi. Zisiwe za kumzidi mwenyeji kwa fahari hata akaona amelipwa, wala zisitiwe katika mifuko ya plastiki ya kubebea, iliyopigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017 na Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019. Kikapu cha ukindu hakimtii mtu matatani, na chenyewe ni zawadi.

Ajali nazo hutokea. Mchuzi wa manjano ukimwagika juu ya kitambaa cheupe cha watu, mgeni hufazaika, huomba sabuni, akasugua, na mara doa la manjano likageuka jekundu kama damu, akaona ameangamiza. Hakuangamiza kitu: rangi ya manjano hugeuka nyekundu ikikutana na sabuni, na maji mengi huirejesha ilivyokuwa. Suuza, kisha kianikwe kitambaa katika jua kali kikiwa bado kibichi, kwani rangi hiyo haistahimili mwanga, na baada ya jua la siku moja au mbili aghalabu huwa imefifia au imetoweka kabisa. Kubwa kuliko yote ni kulisema lile doa papo hapo. Aliyelifunika kwa sahani amemwachia mwenyeji kazi mbili, ya kulifua na ya kujifanya hakuliona.

Insafu yataka tuseme na upande wa pili, kwa kuwa haya haikai kwa mwenyeji peke yake. Mgeni naye huona aibu kuuliza choo kilipo, hata akakesha. Huona aibu kuuliza kibla, akaswali akielekea kabati. Huona aibu kuomba maji ya kunywa usiku, au shuka ya pili wakati wa baridi ya kipupwe. Basi mwenyeji mwelekevu, kabla hata ya kuuliza habari za njiani, humchukua mgeni wake akamwonyesha choo na namna bomba lake linavyofunguliwa, kwani kila bomba lina ukaidi wake. Akamwonyesha upande wa kibla, swichi ya taa, chandarua, mtungi au chupa ya maji, na mahali pa kuchajia simu. Akampa neno la siri la intaneti limeandikwa kwenye karatasi. Na akamwambia waziwazi nyumba hiyo hulala saa ngapi na huamka saa ngapi, mlango hufungwa na nani, na ufunguo wa pili hukaa wapi.