Kanga ya bibi: Historia ya Pwani inayochakaa sandukuni

MGENI anayetoka Bagamoyo mjini kuelekea kijiji cha Mlingotini hupita jirani na magofu ya Kaole, yenye makumbusho madogo yanayohifadhi vigae vya vyungu na vyombo vya kale kutoka China. Vyombo hivyo vilidumu ardhini kwa karne nyingi. Nguo za watu waliovitumia hazikudumu.

Huo ndio ugumu wa kuhifadhi historia ya mavazi ya Pwani. Chungu kikivunjika, vigae hubaki. Kanga ikichakaa hugeuzwa mbeleko, kisha nepi, kisha tambara la jikoni, na huo ndio mwisho wake.

Mwaka 2013, British Museum ya London ilifanya maonyesho ya nguo za Afrika, yakiwamo ya kanga za Afrika Mashariki. Vazi ambalo mwanamke wa Mlingotini hujifunga akienda kwenye shamba la mwani lilitazamwa huko kama hati ya historia.

Hati hiyo husomwaje? Kwanza ni umbo. Kanga ina pindo, ambalo ni ukingo unaoizunguka. Mji, ambao ni uwanja wa katikati. Na jina, yaani maandishi. Katika karne ya 19 wanawake waliunga leso sita, tatu juu na tatu chini, kupata nguo moja. Ndiyo maana hadi leo wakazi wa Mombasa huiita leso, neno lenye asili ya Kireno.

Pili ni maandishi. Majina ya kanga nyingi za zamani yalikuwa katika herufi za Kiarabu, kabla ya herufi za Kilatini kutawala.

Tatu ni alama ya mwenye mali. Maneno "Mali ya Abdulla" hutambulisha duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanzishwa Mombasa mwaka 1887. Nyingine zilichapwa India, Uingereza, Uholanzi na Japani. Kiwanda cha Urafiki, Dar es Salaam, kilianza kazi mwaka 1968.

Hata hivyo, jambo kubwa zaidi ni habari ya uhuru. Watumwa walivaa merikani, nguo isiyo na nakshi iliyotoka Marekani, au kaniki nyeusi. Baada ya utumwa kufutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, wanawake walioachwa huru walivaa kanga kuonyesha kuwa nao ni waungwana. Tanganyika ilifuata kwa sheria ya mwaka 1922.

Kwa Bagamoyo, iliyokuwa kituo cha misafara ya pembe na watumwa, jambo hilo lina uzito wa pekee. Pingu hueleza mateso ya mtu. Kanga hueleza alivyojitambulisha baada ya kufunguliwa.

Kuihifadhi hakuhitaji jengo la Serikali. Kanga kuukuu ioshwe kwa upole, ikauke kabisa kivulini, kisha iviringishwe badala ya kukunjwa, kwani mikunjo hukata nyuzi. Iwekwe mbali na jua, unyevu na wadudu.

Aidha, familia iandike kwenye karatasi jina la aliyeivaa, mwaka na shughuli aliyoivalia. Bila maelezo hayo, mjukuu atarithi kitambaa tu. Habari zake zitakuwa zimekwenda na bibi.