Kichwa kinauma, na damu ni safi

Wandugu wafanyakazi, nanyi wamama wa nyumbani, jambo hili mmekwisha kuliona. Mtu anafika kituo cha afya: kichwa kinauma, moyo unapiga mbio, tumbo linawaka, usingizi hauji. Anapimwa malaria, hakuna. Anapimwa tifoide, hakuna. Anapewa vidonge, na baada ya majuma mawili yuko tena kwenye benchi. Kazini wanasema anajifanya.

Hajifanyi. Maumivu ni ya kweli. Chanzo chake huenda ni mzigo alio nao moyoni.

Huku kwetu mizigo haikosekani. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wanauawa vijijini na mashambani. Tena tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ikatangazwa, upande wa Mangina, ikafika Beni na Butembo. Ilipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, katika wagonjwa 3,470 walikuwa wamekufa 2,287. Mume hakuweza kumwosha mke wake. Mtoto aliona mzazi akizikwa na watu waliofunikwa mwili mzima. Hata waliopona, wengine waliogopwa na majirani. Huzuni ya namna hiyo haionekani katika damu.

Basi ukiwa mbele ya munganga, usitaje kichwa tu. Sema unalala saa ngapi, kama chakula kina ladha, kama kanyanga imeongezeka, na nani amekufa nyumbani. Si lazima awe munganga wa wazimu (neno hilo peke yake linawazuia wengi mlangoni). Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa ajili ya wanganga na wauguzi wa kawaida, ili watunze magonjwa haya. Atapima mwili kwanza, maana upungufu wa damu nao huchosha. Kisha atauliza kama huzuni imekaa majuma mawili au zaidi, karibu kila siku.

Anaweza kukuuliza waziwazi kama umefikiri kujiua. Usikasirike. Swali hilo halimtii mtu wazo. Linamfungulia njia ya kusema. Na ninyi wa nyumbani, mkisikia maneno hayo, msimwache peke yake, ondoeni dawa za shamba karibu naye, mpelekeni siku ile ile.

Wengi hupata nafuu kwa kusikilizwa, kupunguza pombe na kurudia kazi polepole. Wengine wanahitaji dawa. Dawa za huzuni hukawia majuma kadhaa kabla ya kusaidia. Usiziache kwa sababu juma la kwanza hukuona kitu, wala usizikate ghafla ukijisikia vizuri.

Vidonge vya usingizi vya kununua mwenyewe ni mambo mengine. Mwili huvizoea upesi, na asubuhi bado viko kichwani. Mchimbaji mwenye usingizi huo, au asiyelala usiku tatu, amwambie kapita kabla ya kushuka na kabla ya kushika mashine.

Siku ya kwenda kwa munganga, mke aje naye. Mara nyingi ndiye anayejua mume anaamka mara ngapi usiku.