Redio Mbovu, Kisima na Fundi wa Ukunda

Hapana nyumba katika pwani yetu ya kusini, tangu Likoni hata Vanga, isiyokuwa na mtambo uliokufa. Fungua kabati, utakuta redio isiyosema. Chungulia uvunguni mwa kitanda, utaona feni iliyovunjika shingo, pasi iliyoungua na king'amuzi kilichopigwa na radi. Simu za mkononi ndizo usiseme. Zimo ndani ya bakuli pamoja na vifungo na funguo zisizojulikana ni za mlango gani.

Watu wetu si wepesi wa kutupa, na mimi siwalaumu. Ubao niliosomea chuoni ulikuwa umekwisha kusomewa na kaka zangu wawili, ukioshwa na kuandikwa upya, na baada yangu ukashikwa na mdogo wangu. Basi msomaji asidhani nimeshika kalamu kuwafunza Wadigo na Waswahili wa Kwale namna ya kukitumia kitu mara ya pili. Nenda Gazi, Msambweni au Shimoni saa za ngalawa kurudi, utazame samaki wanawekwa wapi. Friji lililokata roho hulazwa chali, likatiwa barafu, likafunikwa gunia. Na hapo ndipo lianzapo maisha yake ya pili, pengine marefu kuliko yale ya kwanza ya jikoni. Nimeona sanduku la televisheni limetolewa matumbo na kuku anaatamia ndani yake, ametulia kama msomaji wa habari.

Lakini si kila kilichokufa hupata mnunuzi wala kuku wa kukikalia, na hicho kisichopata ndicho kilichonitoa nyumbani kwenda Ukunda kuzungumza na fundi wa redio.

Kibanda chake ki upande wa barabara iendayo Diani, pua na mdomo na hoteli za watalii. Ni kijana wa miaka arubaini, na aliniamkia, "Shikamoo, ustadhi," bila ya kuinua macho, maana mkono mmoja alishika chuma cha kutilia lehemu na mwingine alishika ubao wa umeme uliojaa vidude vidogo vidogo kama punje za mtama. Nyuma yake pana marundo matatu. La kwanza ni la vitu vitakavyopona. La pili ni la vile atakavyovichinja ili apate spea: transfoma, spika, nyaya, swichi. La tatu hakulitaja mpaka nilipomwuliza.

Hoteli inapobadilisha vifaa vya vyumbani, alinieleza, huviuza kwa mnada, na mafundi hushirikiana kununua kwa kikoa. Birika za umeme kumi mbovu hutoa sita nzima. Televisheni bapa iliyopasuka kioo bado ina ubao mzima nyuma yake, na ubao huo waweza kumfufua mgonjwa mwingine aliyeko Kinango au Lunga Lunga. Kazi hii hakuisomea skuli yoyote. Alikaa miaka minne miguuni pa fundi mzee, akishika taa.

Nikiwa hapo alifika mama wa makamo kutoka Msambweni, amefunga redio-kaseti ndani ya leso. Ilikuwa ya marehemu mumewe. "Mwanangu," alimwambia fundi, "watoto wanasema niitupe, yanijazia nyumba. Sikuitupa kwa kuwa ina kaseti ndani na haitoki." Fundi akafungua skurubu nne. Ugonjwa wenyewe ulikuwa mkanda mdogo wa mpira uliolainika kwa miaka na joto, ukanata kama asali. Akatia mwingine, akapuliza vumbi, akabonyeza. Ikatoka sauti ya harusi: vigelegele, tari, na mwanamume mmoja anasoma majina ya waliotunza. Yule mama hakulia wala hakucheka. Alikaa juu ya ndoo, akasikiliza upande mzima, na wateja wengine wakamngoja.

Hapa naomba ruhusa ya kutoka nje ya njia kidogo. Katika miaka ya sabini na themanini, sauti za pwani hii zilitembea kwa kaseti. Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, Zuhura Swaleh na Maulidi Juma waliingia majumbani kwa kaseti zilizotoka maduka ya Mombasa kama Mbwana Radio Service, na pembeni mwa hizo za dukani zilikuwako zile tulizozirekodi wenyewe: maulidi, ngoma, hotuba za wazee, mashindano ya mashairi. Hizo za nyumbani hazina nakala popote. Mtu anayeipeleka redio kwenye chuma chakavu bila ya kuifungua kifuniko huenda anazika maktaba. Niliandika ubeti juu ya kipande cha karatasi ya sigara, palepale benchini. Si wa kuingia diwani, lakini fundi aliupenda akaugandisha ukutani:

Redio yetu ya kale, sauti imekauka,
Imekaa pale pale, vumbi limeifunika,
Ilinena siku zile, nyumba nzima ikacheka,
Si ya kutupwa milele, fundi bado hajachoka.

Sasa tulirudie rundo la tatu. Ni televisheni za chogo. Mwaka 2015 urushaji wa zamani wa matangazo ulipozimwa nchini, televisheni hizi zikawa hazina maana bila ya king'amuzi; na muda si muda zile bapa zikashuka bei, basi zenye chogo zikaanza kufika kwa fundi mbilimbili, wenyewe wakisema tu, "Zitakufaa." Hazimfai. Akitoa waya wa shaba uliozunguka shingo, kinachobaki ni kioo kizito ambacho ndani yake mna risasi, na katika nyingine risasi hiyo yapindukia kilo moja. Ikikaa nzima haina neno. Ikivunjwa, ikapigwa na mvua na kusagwa na magurudumu, hilo ni jambo jingine.

Wazee wetu walisema akiba haiozi. Walisema hivyo kabla ya kuijua betri. Betri kongwe huvimba, ikatoa jasho la chumvi, ikala chuma cha tochi. Na tunazitupa wapi? Nani asiyejua? Ile desturi ya kuzianika juani kwanza ili zipate nguvu ya siku mbili, kisha kuzitumbukiza chooni kwa imani kwamba zinafanya shimo lisijae, ningali naiona, ingawa kiwanda cha Eveready cha Nakuru kilichokuwa kikizitengeneza kilifungwa mwaka 2014. Siku hizi zinaongezeka na zile za taa za jua, ambazo zimeenea hata vijiji vya ndani visivyopata nguzo ya umeme.

Ardhi ya ukanda huu wa pwani ni jiwe la matumbawe na mchanga. Maji hupita ndani yake kama yapitavyo kwenye kitambaa cha kuchujia tui. Visima vya Tiwi ndivyo vinavyowanywesha watu wengi wa upande huu wa kusini, na nyumbani kwetu choo na kisima mara nyingi hutazamana. Chema kilichomo ardhini hutufikia upesi, na kibaya vilevile.

Wako watu watakaosema: wauzieni wanunuzi wa chuma chakavu. Hao wana kazi yao na wana watoto wa kulisha. Mwaka 2022, Serikali ilipopiga marufuku biashara hiyo tangu Januari hadi mwanzo wa Mei kwa sababu ya wizi wa nyaya na milingoti ya umeme, mikokoteni ilisimama na jaa zikafurika. Ndipo tulipotambua kiasi cha takataka walichokuwa wakituondolea. Lakini mwenye mkokoteni hupima kwa kilo. Achukua shaba, alumini na chuma, kioo akakiacha. Na ili apate shaba upesi huwapa vijana nyaya wazichome. Ule moshi mweusi ukipita mtaani jioni, akina mama huanua nguo kambani. Watoto nao wako palepale wanacheza.

Jambo hili lina mfano karibu nasi, ng'ambo ya feri. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri za magari kilianza kazi mwaka 2007, kikafungwa 2014. Kurudufu betri si dhambi. Kazi yenyewe ni njema. Ila waliifanya kandokando ya nyumba za watu, risasi ikaingia hewani, majini na katika damu za watoto. Bi. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa hapo na ambaye mwanawe pia aliugua, aliusimamia mgogoro huo mpaka ukafika kortini. Mwaka 2015 akatunukiwa Tuzo ya Goldman. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakaaji walipwe shilingi bilioni 1.3, kesi ikapanda ngazi moja baada ya nyingine, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaipitisha amri hiyo. Hesabu miaka mwenyewe, msomaji, kisha umkumbuke mtoto aliyezaliwa 2007.

Dunia nzima, mwaka 2022 pekee, ilitoa taka za namna hii tani milioni 62, na chini ya robo yake ndiyo iliyojulikana kukusanywa na kushughulikiwa kwa njia inayofaa. Lakini penye nia watu wamekusanya. Wajapani, tangu 2017 hadi 2019, waliweka masanduku mitaani, wananchi wakatia simu na vyombo vyao vibovu. Zilipatikana tani 78,985 za vyombo, na simu peke yake zilikuwa milioni 6.21. Humo walitoa dhahabu kilo 32, pamoja na fedha na shaba, wakafua medali 5,000 hivi za Olimpiki ya Tokyo. Kwa hivyo medali aliyovishwa Eliud Kipchoge mwaka 2021 ilikuwa, kwa sehemu, simu mbovu za akina bibi wa Kijapani. Nilipomwambia fundi alicheka hata akaangusha lehemu.

Sheria kwetu ziko. Iko ile ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022, na kanuni za 2024 zinazomtaka anayetengeneza au kuingiza bidhaa nchini awajibike nayo hata baada ya kuchakaa. Kituo cha WEEE cha Nairobi kimekuwa kikipokea na kufungua mitambo tangu 2012. Ugumu ni njia. Nani atampandishia mama wa Mwabungo televisheni moja hadi Nairobi?

Shauri la fundi ni hili. Kila mtaa uwe na pahala pamoja, pakavu, penye paa na kufuli: kwa mzee wa mtaa, skuli au uani mwa msikiti. Betri ziwekwe ndani ya ndoo ya plastiki yenye kifuniko, mbali na watoto. Vitu vyote vipite kwanza mikononi mwa mafundi, waokoe kinachookoka. Na kile kisichookoka kikusanywe mpaka kijaze lori moja, maana malori yanayoshusha simiti Ukunda hurudi matupu. Mimi niliongeza sharti langu: kabla ya redio kuingia rundoni, itolewe kaseti.

Dereva mmoja amekwisha kukubali kwa bei ya mafuta, ila hataki kupakia chini ya nusu ya lori. Hoteli moja imeahidi zake baada ya msimu. Masika haiko mbali. Siku niliyoondoka televisheni zilikuwa kumi na nne uani kwa fundi, chini ya turubai moja, nalo limetoboka upande wa kisima.