Baba Mdogo na Alama 92 za Moyo

Wiki hii msomaji wangu usitegemee habari za nani kamwacha nani. Nataka kukiri kosa, tena la kizembe, ambalo nusura lituweke msibani kule Bunda.

Mnatujua vijana wa Musoma na simu. Bando likiwepo, kila mtu profesa. Siku moja nimejikalia zangu Nyasho nikakutana na vikokotoo vya moyo. Hapana, si kile kikokotoo cha mafao kilichowanunisha wastaafu! Hivi vinakuuliza umri, jinsia, presha, sigara, kisukari, vingine na kolesteroli, halafu vinakupa asilimia: uwezekano wa kupata shambulio la moyo au kiharusi ndani ya miaka 10 ijayo. Nikaona bomba. Jumamosi nikadaka Hiace pale Bweri, huyoo Bunda kwa baba mdogo.

Ba'mdogo ana miaka 54, ana duka, ana presha, na ana ubishi. Vidonge anameza huku amenuna. Siku hiyo presha yake ya juu ilisoma 148, karatasi ya kolesteroli alikuwa nayo, havuti sigara, kisukari hana. Nikafungua kikokotoo cha Wamarekani cha mwaka 2013. Kikaniuliza: mzee ni Mzungu, Mmarekani mweusi au wengineo? Jamani, Mjita wa Bunda nimweke wapi? Nikabonyeza Mmarekani mweusi, ikaja 14. Nikabonyeza Mzungu, ikaja 8. Mtu yule yule, kiti kile kile, hata soda yake hajamaliza!

Hapo ndipo nilipochemsha. Nikamsomea ile 8, maana nilitaka afurahi.

"Kwa hiyo nina 92?" akauliza. "Enzi zetu hiyo ni A, mwanangu. Mwenye A anameza vidonge vya nini?"

Nikacheka. Kumbe mwenzangu hatanii.

Wiki tano baadaye mama mdogo akanipigia simu usiku. Mzee kichwa kinamgonga, macho yanaona ukungu, na vidonge alishaviweka kabatini tangu siku ile nilipoondoka. Asubuhi tukawa naye kituo cha afya. Presha: 196 kwa 112. Daktari, kijana wa rika langu kabisa, alimrudishia dawa, akamweka chini ya uangalizi, kisha akanigeukia mimi. Sitasahau.

Akaniambia ile 148 haikuwa presha ya ba'mdogo, ilikuwa kazi ya vidonge. Halafu 8 siyo alama za mtihani. Maana yake, chukua wanaume 100 wanaofanana naye, kama wanane hivi litawapata ndani ya miaka 10, na hakuna ajuaye yeye yumo kwa wanane au kwa wale wengine. Tena mtu ambaye presha yake imethibitika kuwa 140 kwa 90 au zaidi anatibiwa, hasubiri ruhusa ya simu ya mpwa wala ya mtoto wa kaka.

Kwa aibu nikaenda kufanya nilichopaswa kufanya mwanzo, yaani kusoma. Kumbe mambo haya yana asili yake. Mwaka 1948 katika mji wa Framingham, Massachusetts, Wamarekani walianza kuwafuatilia watu 5,209, karibu wote Wazungu, waone nani moyo utamsumbua na kwa nini. Hesabu nyingi za namna hii zimetokea huko. Sasa ukimwingiza mla dagaa na ugali wa muhogo, mashine inakisia tu. Wamarekani wenyewe mwaka 2023 walitoa kikokotoo kipya ambacho hakiulizi rangi tena.

Shirika la Afya Duniani nalo mwaka 2019 lilitoa chati zake kwa kanda 21, na sisi tumo ya Afrika Mashariki. Zinahusu wenye miaka 40 hadi 74. Kilichonifurahisha ni kwamba ipo chati isiyohitaji kolesteroli: umri, jinsia, sigara, presha, urefu na uzito, basi. Zahanati isiyo na maabara inaweza kuitumia.

Na nyie mnaojirusha wikiendi msicheke wazee. Mimi nina miaka 32. Kile kipya cha Wamarekani kilinipa asilimia isiyofika 2 kwa miaka 10, nikavimba kichwa. Kumbe chini yake kuna hesabu ya miaka 30, na hiyo ilipanda mara kadhaa! Ujana ndio uliokuwa unanibeba.

Nikapitia Butiama kumsalimia shangazi, ambaye mkono wa kushoto ulishapooza. Kuona simu akasema, "Shikamoo umenipa, sasa nipimie na mimi."

"Shangazi, hiki hakikuhusu."

"Kwa nini? Nimezeeka?"

Ikabidi nimweleze kuwa vinahesabu ajali ambayo bado haijatokea. Aliyekwisha kupata kiharusi tayari yuko kwenye hatari kubwa, dawa zake ni za kila siku. Akaniuliza kama baba mdogo wangu amelielewa hilo.

Sijui, ila sasa ana mashine yake ya presha dukani. Anaandika kwenye daftari la madeni. Jumamosi iliyopita nilikuta 138, imeandikwa chini ya jamaa anayedaiwa sukari kilo 2.